UZI: Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za ofisi ilijengwa na wauza chai na mikate

LejaKuu

Wakuu, habari za jioni.

Mijadala ya historia ya kompyuta humu ndani ina njia moja. Inaanzia ENIAC, ile kompyuta kubwa ya mwanzo ya Marekani, inaruka mpaka IBM, kufumba na kufumbua tumefika kwa Bill Gates. Leo nataka tukae pale katikati, kati ya 1947 na 1955, wakati kompyuta za valvu zilipotoka mikononi mwa wanahisabati na wanajeshi zikaanza kufanya kazi za makarani. Na aliyezivusha hakuwa kiwanda cha mitambo. Ni J. Lyons & Co. ya London, kampuni ya migahawa ya chai, mikate, keki na aiskrimu. Mashine yao iliitwa LEO, kifupi cha Lyons Electronic Office.

Nashusha kwa vipande. Naombeni kipande cha kwanza kiishe ndipo muanze kunirushia maswali.

KIPANDE CHA 1

Lyons ilikuwa na makao makuu Cadby Hall, Hammersmith, na migahawa yake ya chai ilijaa miji ya Uingereza. Sasa fikiria biashara ya namna hiyo. Unauza kikombe cha chai na kipande cha keki, faida yake ni senti chache. Unauza maelfu na maelfu kwa siku, na kila kimoja kinazaa karatasi: bili, hati ya mzigo, hesabu ya unga uliotoka stoo, mshahara wa mhudumu. Usipokuwa mwangalifu, gharama ya kuandika mauzo inaimeza faida ya mauzo yenyewe. Kwa hiyo Lyons walikuwa na wazimu fulani wa kupunguza kazi ya karatasi, na wazimu huo ulianza zamani, kabla hata neno kompyuta halijawa na maana tunayoijua.

Mwaka 1923 waliajiri mwanahisabati kutoka Cambridge, John Simmons. Huyu hakukaa kupiga hesabu tu. Aliigeuza ofisi yenyewe kuwa kitu cha kuchunguzwa: karatasi hii inatoka wapi, nani anaisoma, tukiifuta nini kitaharibika? Tangu miaka ya 1930 kampuni ilikuwa na kitengo kizima kisicho na kazi nyingine zaidi ya hiyo.

Mwaka 1947 wakawatuma Marekani maofisa wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakaangalie ofisi za kule zimeendelea kiasi gani baada ya vita. Mashine za ofisi walizoziona hazikuwasisimua sana. Kilichowakamata ni habari za "ubongo wa elektroniki". Wakaenda Princeton kwa Herman Goldstine, mmoja wa waliohusika na ENIAC. Goldstine akawaambia kitu cha kuchekesha: nyinyi mmevuka bahari, na kumbe kwenu Cambridge kuna Maurice Wilkes anajenga mashine ya aina hiyo hiyo!

Waliporudi wakaenda kwa Wilkes. Lyons wakatoa pauni 3,000 na fundi mmoja wao, Ernest Lenaerts, akasaidie kazi. Mashine ya Wilkes pale Cambridge, iliyoitwa EDSAC, ikaendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Lyons walikuwa wanasubiri hilo tu. Wakaamua kujenga ya kwao, juu ya mchoro wa EDSAC.

Kampuni ya mikate inajenga kompyuta. Hakukuwa na duka la kuinunua.

MlaBoflo

Mkuu nimeshakaa mkao wa kula, na chai nimeweka pembeni ili kwenda sambamba na mada. Endelea.

BintiWaHesabu

Nina swali kabla hujaenda mbali. Hiyo ENIAC si ilikuwa kompyuta tayari tangu 1945? Cambridge walikuwa wanajenga kitu gani kipya hapo?

LejaKuu

Swali zuri dada, maana bila hilo uzi wote haueleweki.

ENIAC ilipoanza, kubadilisha kazi kulimaanisha watu kuchomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, kazi ya siku nzima au zaidi. Wazo jipya lilikuwa kuweka maagizo ndani ya kumbukumbu ile ile inayoweka namba. Agizo likawa namba tu. Ukitaka mashine ifanye kazi nyingine, unaisomesha utepe mwingine, dakika chache umemaliza. Manchester walifanikiwa kwanza, kwa mashine ndogo ya majaribio, tarehe 21 Juni 1948. EDSAC ndiyo ya kwanza ya namna hiyo kutumika kwa kazi halisi za kila siku za chuo.

Kwa kampuni hilo ndilo lililokuwa muhimu. Lyons hawakuwa na tatizo moja kubwa la hesabu. Walikuwa na matatizo madogo madogo mia moja: asubuhi mikate, mchana mishahara, jioni oda za migahawa. Mashine ya kuchomekwa nyaya isingewafaa hata siku moja.

Mchambuzi_255

Samahani mkuu, kichwa cha uzi kina utata. Kompyuta ya kwanza ya kibiashara ni UNIVAC, inajulikana dunia nzima. Eckert na Mauchly, wale wale wa ENIAC. Hiyo LEO wengi hatujawahi hata kuisikia.

LejaKuu

Nilijua utakuja ndugu yangu. Weka hoja hiyo pembeni, nairudia baada ya kipande cha 2. Soma tena kichwa cha uzi lakini, sijaandika "ya kwanza kuuzwa".

KIPANDE CHA 2: ndani ya chuma

Lyons walimwajiri mhandisi kijana, John Pinkerton, asimamie ujenzi. Upande wa kazi zenyewe, yaani mashine itafanya nini na kwa utaratibu upi, ukawa chini ya David Caminer, mtu aliyekulia kwenye ofisi za Lyons.

LEO I ilikuwa na valvu karibu 6,000, takriban mara mbili ya EDSAC. Ilikaa kwenye chumba cha mita za mraba zaidi ya 200 pale Cadby Hall. Vijana wa transista na saketi ndogo hamjui valvu, kwa hiyo nieleze: ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, ndani kuna waya unaopashwa moto mpaka unatoa elektroni. Elektroni zinakimbilia upande wa pili, na katikati kuna wavu unaoweza kuzizuia au kuziruhusu kwa volti ndogo tu. Zuia, ruhusu. Hiyo ni sifuri na moja. Tatizo ni kwamba kila kichupa kinakula umeme na kutoa joto, na siku yoyote kinaweza kufa.

Kumbukumbu ndiyo inayonifurahisha mimi. Walitumia zebaki. Mabomba marefu ya chuma, kila moja kama mita moja na nusu na ushei, yamejazwa zebaki, kila mwisho kuna kipande cha kwatzi. Mapigo ya umeme yanafika kwenye kwatzi, yanageuka mawimbi ya sauti, yanasafiri ndani ya zebaki kwa mwendo wa mita 1,450 hivi kwa sekunde. Yakifika mwisho, kwatzi ya pili inayageuza umeme tena, yanakuzwa, yananyooshwa, yanarudishwa mwanzo. Yanazunguka hivyo muda wote mashine imewashwa. Ni kama mtoto wa madrasa anayerudia aya mdomoni njia nzima ili asiisahau kabla hajafika kwa mwalimu. Akinyamaza, imepotea.

LEO ilikuwa na mabomba 64 ya namna hiyo, jumla maneno 2,048 (neno ni fungu moja la kumbukumbu), kila neno biti 17, yaani sifuri au moja 17. Kwa hesabu ya leo ni kama kilobaiti nne. Hata picha unayoweka kwenye wasifu wako humu haiingii. Na ndani ya nafasi hiyo programu na data vinagombania chumba kimoja!

FundiRedio_Moshi

Vijana hamjambo. Nimetengeneza redio za valvu tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Redio yenye valvu tano au sita ilikuwa inanirudia mezani kila mara. Huyu mwenzetu anasema 6,000. Naomba anieleze kwa lugha ya fundi: walifanyaje kazi bila mashine kusimama kila dakika? Maana mimi najua valvu inapenda kufa pale unapowasha.

LejaKuu

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Kwanza hilo ulilolisema: waya wa ndani unaumia pale unapotoka baridi kwenda moto ghafla. Kwa hiyo mashine za namna hii hazikupenda kuzimwa na kuwashwa ovyo.

Pili, walipima kwa kubana. Kabla ya kazi ya siku, mafundi walikuwa wanashusha na kupandisha volti kwa makusudi huku mashine ikiendesha programu za majaribio. Valvu iliyochoka, ambayo kwa volti ya kawaida bado ingejikongoja, ilijitangaza hapo hapo. Unaitoa kabla haijakuharibia mishahara ya watu saa tano mchana.

Tatu, saketi zilijengwa kwenye vipande vya kuchomoa. Kipande kikileta shida unakichomoa kizima, unaweka kingine, mgonjwa unampeleka benchi ukamtibu kwa nafasi yako.

Na mashine ilikuwa na kipaza sauti kilichounganishwa na mapigo yake. Kila kazi ilikuwa na mlio wake. Waendeshaji waliozoea walijua kwa sikio kwamba programu inakwenda sawa au imekwama sehemu.

FundiRedio_Moshi

Marahaba. Hiyo ya kipaza sauti nimeielewa sana. Fundi mzuri anasikiliza kwanza, bisibisi baadaye. Na hiyo ya kubana volti ilikuwa akili kubwa.

Mchambuzi_255

Sasa UNIVAC mkuu. Usikwepe.

LejaKuu

Sikwepi. Twende kwa tarehe.

Ferranti Mark 1, iliyotokana na kazi ya Freddie Williams na Tom Kilburn pale Manchester, ilifikishwa chuoni huko Februari 1951. Ilitengenezwa na kiwanda ili iuzwe. Kwa kigezo cha kuuzwa na kufikishwa kwa mteja, hao Waingereza wana haki ya kujigamba.

UNIVAC I ilikubaliwa rasmi na Idara ya Sensa ya Marekani tarehe 31 Machi 1951. Eckert na Mauchly walikuwa wameishiwa fedha, kampuni yao ikanunuliwa na Remington Rand mwaka 1950. Mashine ya kwanza ilibaki kiwandani Philadelphia ikifanya kazi ya sensa kutoka pale pale, ikahamishwa mwishoni mwa 1952. Zikajengwa 46. Na sifa yake kubwa ni usiku wa uchaguzi wa Novemba 1952: kwa kura chache za mwanzo ikatabiri Eisenhower atapata kura 438 za wajumbe. Watu wa televisheni ya CBS wakaogopa kuutangaza mapema utabiri huo, maana maoni yalikuwa yanasema mchuano ni mkali. Akapata 442. Ndiyo maana unaijua UNIVAC na huijui LEO, ndugu yangu. Televisheni.

LEO haikuuzwa kwa mtu. Ilijengwa na kampuni kwa matumizi yake yenyewe. Lakini tarehe 5 Septemba 1951 iliendesha kwa mara ya kwanza hesabu ya thamani ya bidhaa za kiwanda cha mikate, na kuanzia mwisho wa Novemba mwaka huo kazi hiyo ilikuwa yake kila wiki, makarani wakaiachia kabisa. Sensa ni takwimu za serikali. Manchester ilikuwa hesabu za chuo. Kazi ya kawaida ya kampuni, inayorudi wiki baada ya wiki na kampuni inaitegemea, ilianza na mikate na keki za Hammersmith. Hapo nimesimama na sihami.

Mchambuzi_255

Basi kila mtu ni wa kwanza kwa kigezo chake. Naikubali tarehe, ila kwa ukubwa wa soko UNIVAC iko juu, 46 kwa moja.

LejaKuu

Kwa soko, sawa. Ila kama ni soko, IBM 650 inawafunika wote: ya kwanza ilifikishwa Desemba 1954, kumbukumbu yake ni pipa la sumaku linalozunguka, zikatengenezwa karibu 2,000. Na yenyewe ilikuwa ya valvu. Siku nyingine nitaifungulia uzi wake.

KaraniMkuu

Mimi nimefanya kazi ya mishahara miaka mingi. Nataka kusikia mishahara. Mikate mtu yeyote anaweza kukosea na dunia ikaendelea. Kosea mshahara uone.

LejaKuu

KIPANDE CHA 3, kwa heshima ya KaraniMkuu.

Uingereza ilianza mfumo wa kukata kodi moja kwa moja kwenye mshahara mwaka 1944. Kila mfanyakazi ana msimbo wake wa kodi, na hesabu ya wiki hii inategemea alichopata tangu mwaka wa kodi uanze. Juu yake weka saa za ziada, bima, makato ya mkopo. Lyons walikuwa na maelfu ya wafanyakazi. Karani mzoefu alitumia kama dakika nane kwa mtu mmoja.

Sasa hapa ndipo LEO ilipokwama, na haikukwama kwenye hesabu. Mashine inahesabu kwa sehemu za elfu moja ya sekunde, lakini jina, saa na makato ya kila mtu lazima viingie, na hati lazima itoke imechapwa. Mwanasayansi anaingiza namba chache, mashine inasaga saa nzima, inatoa jibu moja. Ofisi ni kinyume chake: data nyingi, hesabu kidogo, karatasi nyingi. Lyons waliipa kampuni ya Standard Telephones and Cables kazi ya kutengeneza mfumo wa utepe wa sumaku wa kuingiza na kutoa data. Ukasumbua, wakauacha. Wakaangukia kwenye teknolojia ya zamani kabisa: utepe wa karatasi uliotobolewa na mashine za kadi kutoka British Tabulating Machine. Zaidi ya njia moja ya kuingiza na kutoa zikafanya kazi kwa wakati mmoja, ili mashine isikae inasubiri karatasi.

Ndiyo maana mishahara ilichelewa mpaka 24 Desemba 1953. Kabla ya hapo waliiendesha sambamba na makarani kwa muda mrefu, wakilinganisha jibu kwa jibu. Mwanzoni mwa 1954 wakaiamini peke yake. Sekunde moja na nusu kwa mtu, badala ya zile dakika nane.

Mashine ya zebaki, valvu 6,000, na hakuna mtu aliyelala bila mshahara. Kwangu sifa hiyo naigawa: nusu kwa Pinkerton, nusu kwa Caminer na watu wake. Hawa walikuwa wanaijua ofisi. Walichora kila hatua kwenye karatasi kabla ya kuandika agizo moja, walimuuliza karani "ikitokea hivi unafanyaje?", waliweka jumla za kulinganisha kila hatua ili kosa lisipite kimya kimya. Mmoja wa waandishi wa programu alikuwa Mary Coombs, aliyejiunga 1952, anayehesabiwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kibiashara.

KaraniMkuu

Hapo kwenye jumla za kulinganisha umenikuna. Sisi tulikuwa tunazifanya kwa kikokotoo cha mkono na kalamu nyekundu. Kumbe ni utaratibu ule ule. Wakati ofisi yetu inaletewa mfumo wa kompyuta, vijana walioujenga hawakutuuliza chochote. Mwezi wa kwanza tulirudi kwenye leja.

BintiWaHesabu

Na makarani wa Lyons walifukuzwa?

LejaKuu

Kwenye dawati la mishahara idadi ilipungua, ndiyo. Lakini Uingereza ya miaka ile ilikuwa na uhaba wa makarani, kazi za ofisi zilikuwa zinatafuta watu, na kampuni ikageuza baadhi ya watu wake wa ofisini kuwa waandishi wa programu. Walifanyiwa kozi na mtihani wa kupima akili ya mpangilio. Digrii ya hisabati haikuwa sharti.

Ila kazi yao bora zaidi, kwa maoni yangu, ni oda za migahawa, Oktoba 1954. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya wiki, imeshahifadhiwa. Mchana msimamizi anapigiwa simu, anataja mabadiliko tu: punguza keki, ongeza mikate ya mviringo. Mpokeaji amevaa vifaa vya masikioni na anatoboa kadi papo hapo huku anasikiliza. LEO inameza kadi, inatoa orodha za kiwanda na za kupakia magari, alfajiri mzigo unaondoka. Oda ya simu inaingia mchana na bidhaa inafika kesho yake asubuhi, mwaka 1954.

Wakati ule hata Lyons walikuwa na mashamba yao ya chai Lujeri, Nyasaland, yaani Malawi ya sasa. Kwa hiyo chai iliyochumwa huku kwetu kusini ilikuwa sehemu ya biashara iliyolipia hizo valvu.

Mzawa_wa_Kariakoo

Na sisi Bongo? Valvu zilifika?

LejaKuu

Kompyuta inayotajwa kuwa ya kwanza Tanzania ni ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hiyo tayari ni ya transista, enzi ya valvu tulikuwa tumeipita bila kuigusa. Lakini undugu upo. British Tabulating Machine, wale wenye kadi za LEO, waliungana na wenzao mwaka 1959 wakawa ICT. Ndio hao waliouza mashine ya Dar es Salaam. Na mwaka 1968 ICT ikaungana na kampuni iliyokuwa imemeza LEO, ikazaliwa ICL. Sisi baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, lakini huo ni ugomvi wa uzi mwingine.

MlaBoflo

Sasa kama walikuwa mbele hivyo, mbona Lyons hawako pamoja na IBM leo? Mwisho wao nini?

LejaKuu

Mtaji. Mwaka 1954 walianzisha Leo Computers Ltd, wakajenga LEO II, zikatoka 11 tu, na LEO III ya transista kuanzia 1962, moja ya mwanzo kabisa ikaenda Johannesburg. Mashine zilisifiwa. Lakini kushindana na IBM kulihitaji fedha za kila mwaka za utafiti, wauzaji, na uwezo wa kukodisha mashine na kusubiri malipo polepole. Kampuni ya keki haiwezi kubeba hilo. Mwaka 1963 kitengo kikaunganishwa na cha English Electric, Lyons wakajitoa baada ya muda mfupi. Lyons wenyewe walielemewa na madeni miaka ya 1970 na kununuliwa na Allied Breweries mwaka 1978.

LEO I ilizimwa Januari 1965, baada ya zaidi ya miaka 13 ya kazi. Lakini LEO 326 (toleo la LEO III) za Posta ya Uingereza, zilizokuwa zinatoa bili za simu, zilichapa mpaka 1981. Hizo ni za transista, mzee wa Moshi asije akanikamata.

FundiRedio_Moshi

Nilikuwa nimeshaanza kuandika.